Shemeji Yangu Aliyekaa Ndani ya Manowari ya Wahispania

Tangu nirudi, sijamaliza kikombe kimoja cha kahawa hapa Kindu bila mtu kuvuta mkeka na kuniuliza, "Mwalimu, hivi ni kweli?" Mmoja anataka kujua kama kweli chuma kinaelea. Mwingine anauliza kama kweli nilielekezewa mzinga. Wengi wanataka habari za shemeji yangu Sefu, ila wanaona haya kuanza na hilo, basi wanaanza na chuma. Nimeona afadhali niandike safari yote, kituo kwa kituo, na anayejua kusoma awasomee wenzake. Kazi yangu ni kufundisha watoto alifu na be, kwa hiyo kueleza jambo mara ya saba hakunichoshi. Ila kahawa inapoa.

Kwanza sababu ya safari. Dada yangu Mwamini aliolewa na Sefu, mtu wa Lokandu, mpiga kasia hodari. Siku moja Sefu alisema anakwenda kwao kusalimia, atarudi baada ya soko. Masoko yakapita, vita vya Wazungu na Waarabu vikaja vikaisha, Sefu hakuonekana. Tukamsomea hitima. Kisha mpiga kasia mmoja akarudi kutoka pwani ya magharibi akasema, "Sefu? Sefu mzima! Anakaa ndani ya nyumba ya chuma juu ya maji, kwa Wahispania."

Watu walicheka. Mwamini hakucheka. Wakati huo Bwana Hamisi, muuza nguo, alikuwa amekwisha kumposa, naye ni mtu mwema ambaye hamna hata mmoja wenu anayeweza kumsema vibaya. Dada yangu akaniita.

"Kaka, mimi ni mke au mjane?"

"Sasa hivi," nikamwambia, "naona hatujui."

"Basi nenda ukajue. Akitaka kuwa mume wangu, arudi. Hataki, anipe talaka mbele ya mashahidi wawili wanaoeleweka hapa Kindu. Jibu la tatu sitaki. Ukiniletea la tatu, utakula kwa jirani."

Hilo ndilo nililobeba kutoka Kindu. Mengine yalikuwa mchele na viatu.

Mpaka Lokandu, na masomo ya ngoma

Kushuka na Lualaba hadi Lokandu si kazi kwa abiria, wala mimi sikuifanya iwe kazi. Nilikaa katikati ya mtumbwi, wapiga kasia wakaimba wimbo mrefu kuhusu mtu mnene anayeogopa kulowa. Nilikuwa nimefika nusu ya njia kabla sijagundua wanaimba juu yangu.

Lokandu nilifikia kwa mama yake Sefu. Alinipa samaki wa kukaushwa kwa moshi na ugali, akasikiliza habari zangu zote, kisha akaninyima ruhusa ya kuondoka.

"Utamujua aje mutoto wangu?" akaniuliza. "Kule watu ni wengi."

"Mama, namjua sura. Amemwoa dada yangu."

"Sura inabadilika. Jina ya ngoma haibadiliki."

Kwa wale waliozaliwa upande wa msikitini kama mimi, nieleze kidogo. Watu wa mtoni wana ngoma ya mti mtupu, haina ngozi. Gogo limechimbwa tumbo kupitia ufa mwembamba juu yake. Upande mmoja wa ufa mdomo ni mnene na sauti yake nzito; hiyo wanaiita sauti ya kiume. Upande wa pili mdomo ni mwembamba na sauti ni nyepesi, ya kike. Kwa sauti hizo mbili wanapanda na kushuka kama maneno yanavyopanda na kushuka, na kijiji cha mbali kinaelewa, kinapokea, kinapeleka mbele. Kila mtu ana jina lake la ngoma, refu, ili lisichanganywe na la jirani. La Sefu ni "Kasia refu lisiloogopa maji meusi."

Mama mkwe huyo wa dada yangu alinikalisha mbele ya gogo na kunifundisha jina hilo, lile walilompa dada yangu, na maneno machache ya salamu. Mimi! Mwenye fimbo ya kufundishia!

"Ee Mwalimu! Mukono yako iko mugumu sana. Umesema 'kasia fupi.' Utamukasirisha."

Nilikaa siku nyingi kuliko nilivyopanga. Wapiga kasia walikuja kusikiliza kila asubuhi, wakacheka hadi wakakaa chini. Siku niliyolipiga jina sawasawa, mwanamke ng'ambo ya mto aliitika akiuliza Sefu amerudi lini. Mama yake akanifungia samaki kwenye majani, akasema, "Sasa enda."

Kwa miguu kandoni mwa maporomoko

Kuna mahali ambapo mto unakataa mitumbwi, na hapo mtu hushuka akatembea msituni. Katika kijiji kimoja watu waliona kanzu yangu na kofia, wakakumbuka wafanyabiashara wa zamani na bunduki zao, wakakimbia wote. Sikuwalaumu. Wenye kanzu waliopita pale kabla yangu hawakuwa wanakwenda kutafuta shemeji.

Tatizo ni kwamba waliacha chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo, motoni, na sombe ilianza kushika chini. Nilitazama kushoto na kulia. Nikachukua mwiko nikakoroga. Nikapunguza kuni. Nikaongeza maji kidogo. Baada ya muda, mwanamke mmoja alichungulia kutoka nyuma ya mgomba.

"Unafanya nini na sombe yangu?"

"Inaungua, mama."

Akawageukia wenzake waliojificha. "Mukuje! Huyu si muntu wa vita. Muntu wa vita angekula, hangekoroga."

Walirudi mmoja mmoja, na chungu kile tulikila pamoja. Lakini alinikosoa: maji nilizidisha.

Meli inayokula kuni

Chini ya maporomoko nilipanda meli ya moshi. Msidhani meli ya moshi inakwenda tu. Inakwenda kidogo, kisha inakula. Kila siku jua likianza kushuka, meli inasimama ukingoni na watu wote wanateremka kukata kuni, abiria pia. Msimamizi alitazama kanzu yangu akauliza mimi ni nani.

"Mwalimu," nikasema.

Akanipa shoka. Nikadhani hakuelewa, nikarudia kwa upole: mwalimu, mtu wa kusomesha. Akatikisa kichwa kwa heshima, akachukua lile shoka, akanipa kubwa zaidi.

Huko chini watu wanasema lugha nyingine, na Kiswahili changu kilikuwa kinapungua siku hadi siku kama sabuni. Mwisho kilibaki cha kujiombea dua tu. Nilikula kwanga, mkate wa muhogo unaofungwa kwa jani. Mara ya kwanza niliitafuna na jani lake, na hakuna aliyeniambia kitu mpaka nilipomaliza, kwa sababu walitaka kuona kama nitamaliza.

Baada ya hapo kuna mwendo wa milima na mawe, mto umekasirika tena, na baada ya milima kuna mji wa Boma, na baada ya Boma kuna bahari. Juu ya bahari nina neno moja tu la kuwaambia: nilitapika. Aliyetaka kusikia juu ya uzuri wake amwulize aliyekuwa amefungua macho.

Kisiwani

Kisiwa cha Wahispania kinaitwa Fernando Poo. Mlima wake umeingia mawinguni na ghuba yake imepinda kama kwato. Na ndani ya ghuba, rafiki zangu, ilikuwepo.

Sasa lile la chuma. Chukua sufuria yako, iweke kwenye karai la maji. Inaelea, sivyo? Na ni chuma. Inaelea kwa sababu ndani yake ni tupu na inasukuma maji mengi kando. Itoboe, itazama. Basi fikirini sufuria yenye urefu wa soko letu, kuta zake ni mbao nene kuliko mkono wangu, na juu ya mbao wamegongomea mabamba ya chuma, nene kama kiganja kilichosimamishwa, mamia ya mabamba, ili risasi za mizinga zigonge na kuanguka. Hiyo ndiyo manowari ya chuma. Ile ilikuwa imezeeka. Milingoti ilikatwa, bomba la moshi halikutoa moshi, na kutu ilishuka ubavuni mwake nyekundu kama udongo wetu wa barabarani. Ilikaa pale imefungwa kwa minyororo, bohari ya makaa na makazi ya mabaharia wagonjwa.

Mwanamke mmoja muuza ndizi, Mama Rosa, alikubali kunichukua kwenye boti yake. Tulizungumza kwa vidole na vicheko. Tulipokaribia, jua likiwa limeegemea mlima, nilisikia nyundo ikigonga ndani ya ule ubavu wa chuma. Nzito, nyepesi, nyepesi, nzito. Nilisikia neno. *Binti wa waliokuja na mchele.* Halafu tena. *Binti wa waliokuja na mchele, ninakuja.*

Waliokuja na mchele ni sisi, watu wa msikitini. Mnajua wenyewe nani aliuleta huku. Na binti ni dada yangu.

Nilifanya lile ambalo mama yake alinifundisha kufanya. Nilichukua pipa tupu la Mama Rosa, nikashika kasia, nikapiga kwa nguvu zangu zote: *Kasia refu lisiloogopa maji meusi! Kasia refu lisiloogopa maji meusi!*

Nyundo ndani ikanyamaza. Kisha ikalipuka. Sefu alikuwa anapiga kama mwendawazimu, nami nikapiga kama mwendawazimu wa pili. Hapo kengele ikalia juu ya meli. Filimbi zikalia. Mabaharia wakakimbia na suruali nusu, mmoja akabeba bunduki kwa upande usiofaa, na dirisha moja la ubavuni likafunguka, mdomo wa mzinga ukatoka ukatutazama mimi, Mama Rosa na ndizi.

Mama Rosa alisema jambo refu. Sikuelewa hata neno moja na nililielewa lote.

Mzinga ukakohoa. Akatoka kuku. Akafuata kuku wa pili. Walikuwa wanatagia humo.

Maisha ya meli, kama nilivyosimuliwa

Walitupandisha juu. Nahodha, mzee mwenye masharubu meupe, alikuwa akitetemeka, na nilidhani ni kwa hasira. Ilikuwa hofu. Sababu yake nilielezwa na mpiga mizinga mzee aitwaye Tomasi, aliyeishi ndani ya meli hiyo tangu ilipokuwa mpya. Sefu ndiye aliyetafsiri. Ndiyo, Sefu, amenenepa, ana ndevu za mvi kidogo, alisimama pale na nyundo mkononi asijue anikumbatie au akimbie.

Kwanza, alisema Tomasi, meli hii ilikuwa fahari. Ilipoteremshwa majini, watu wa mji walilia. Ilitumwa bahari ya mbali upande wa pili wa dunia, kupigana na watu ambao wazee wao walitawaliwa na Wahispania. Ikapigana na ngome. Ikapigwa. Akatuonyesha bamba lenye kishimo kama bakuli na kulipapasa kama mtu anavyopapasa kovu la mwanawe.

Halafu ikarudi nyumbani, na nyumbani kukawa na maasi. Mabaharia wakaichukua meli wenyewe, wakapandisha bendera nyingine, wakazunguka pwani ya nchi yao wakidai chakula kwenye miji yao, na mji uliokataa ukapigwa mizinga.

"Miji yao wenyewe?" nikauliza.

"Yao wenyewe."

"Kumbe hata huko," nikamwambia Sefu. Hakutafsiri hilo.

Wageni wakaikamata meli, wakairudisha kama mtu anavyorudisha mbuzi wa jirani. Baada ya hapo hakuna aliyeiamini tena. Ikafanywa shule ya mabaharia, kisha ghala, kisha ikavutwa hadi hapa, kufa polepole. Na maasi yale, alisema Tomasi, yalianza jioni moja kwa watu wa bandarini kupiga mapipa, na walio ndani ya meli kuwajibu kwa kugonga chuma. Nahodha wakati huo alikuwa afisa mdogo. Walimfungia kwenye chumba cha makaa.

Basi mnaelewa. Mimi nilikuwa namsalimia shemeji. Yeye alikuwa anaona ujana wake unarudi kumfungia tena.

Mabamba mawili

Nilimweleza nahodha mambo ya ngoma, taratibu, tangu gogo hadi ufa. Alisikiliza. Akauliza kitu, na Sefu akaficha nyundo nyuma yake.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anataka kuona ninapogonga."

Hapa lazima niwaeleze kazi ya Sefu. Mshahara wa kasia ulimshusha hadi Boma, na huko Wahispania wakamwandika kutoa kutu kwenye mabamba ya meli kwa nyundo, na makubaliano yalikuwa wazi: siku meli nzima itakapokuwa safi, Sefu atapandishwa meli nyingine na kurudishwa Boma. Nahodha alimsifu kila mara, kwa sababu nyundo ya Sefu haikunyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Hakuna aliyejisumbua kushuka kutazama.

Tulishuka. Sehemu hiyo haina mbao wala chuma kinene cha vita, ni mabamba ya kawaida tu, na ubavu wote wa ndani ulikuwa umevimba kutu, unamenyeka kama gome. Isipokuwa mabamba mawili. Hayo mawili yaling'aa kama kioo cha kunyolea. Moja lilikuwa nene na lenye sauti ya kiume. La pili jembamba, sauti ya kike, tena limezidi kuwa jembamba kwa kugongwa, hata katikati mwanga wa nje ulikuwa unaanza kupita kama kupitia kitambaa.

Nahodha aliweka kidole pale. Akakitoa haraka.

"Sefu," nikasema kwa lugha yetu, "ungeshughulikia mengine, ungekwisha kurudi nyumbani zamani."

"Mengine hayana sauti, shemeji."

"Lakini ulikuwa unamwambia unakuja! Na kumwambia ndiko kulikokuzuia!"

Akatazama nyundo yake. "Nilidhani labda kijiji cha ng'ambo kitapokea, kipeleke mbele."

"Ng'ambo ni bahari."

"Najua ni bahari," akasema. "Sasa najua."

Nikampa ujumbe wa Mwamini, maneno yake yote, pamoja na lile la kula kwa jirani. Akakaa juu ya ndoo. Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza alitamani kurudi, na kila mwaka ulioongezeka ulimwongezea haya, hadi akawa hajui ataingiaje mlangoni na kusema nini. Akasema Bwana Hamisi ni mtu bora. Akasema yuko tayari kutamka talaka, hapo hapo, ili dada yangu apumzike.

"Mashahidi wawili," nikamkumbusha. "Wanaoeleweka Kindu."

Tulitazamana. Tulikuwa na Tomasi, nahodha, na kuku.

"Kwa hiyo," akasema Sefu polepole, "ili nimwache, lazima nirudi?"

"Kuacha mke kwa heshima, shemeji, hakufanyiki ukiwa mbali."

Nahodha alikatiza. Sefu akacheka kwa mara ya kwanza. "Anasema niondoke na meli ya kwanza. Anasema ameokoka mizinga ya adui na ya ndugu zake, hataki azamishwe na mtu anayemwita mkewe."

Tomasi alimkumbatia hadi nikaogopa. Mama Rosa alinidai pipa lake, ambalo nililirudisha likiwa limebonyea.

Kurudi, na mlango wangu

Njia ya kurudi ni ile ile ila ya kupanda, na kuni zilikatwa na watu wawili. Lokandu mama yake Sefu alimpiga kofi, kisha akamlisha, na nikaona mpangilio huo unafaa.

Kindu, Mwamini alitupokea uani. Hakupiga kelele. Sefu alieleza yote, mabamba, bahari, haya. Dada yangu akasikiliza mpaka mwisho.

"Umekuja kuniacha?"

"Nimekuja ufanye unavyotaka."

"Nataka talaka."

Mashahidi wawili waliketi, Bwana Hamisi akiwa nje ya ua anajifanya anapita. Sefu akatamka talaka moja. Akaapa mbele yao kwamba hatamrejea kwa nguvu, akahamia kibanda cha wavuvi. Hapo ndipo mlipoanza kuninyima amani ya kahawa.

Eda imekwisha Ijumaa iliyopita. Asubuhi Bwana Hamisi alituma kitambaa kizuri, Mwamini akakirudisha kwa salamu nzuri zaidi. Mchana Sefu akaja kwangu, amevaa kanzu ya kuazima.

"Shemeji," akasema, "nataka kuposa. Sina ndugu hapa wa kunipelekea neno. Naomba uwe mshenga wangu."

"Mimi ndiye kaka yake! Neno linaletwa kwangu!"

"Sasa nifanyeje? Wengine wote wananicheka."

Hoja yake niliikubali, maana nami nilikuwa namcheka. Nikavaa kofia, nikatoka nje ya nyumba yangu, nikafunga mlango wangu, nikabisha hodi.

"Nani?" dada yangu akauliza kutoka ndani.

"Mshenga."

"Mwenye nyumba hayupo. Ngoja arudi."

Nikangoja, kwenye jua, mbele ya mlango wangu mwenyewe, majirani wakitoka kutazama. Sefu amesimama mtaa wa pili, shingo imerefuka kama ya korongo. Mwishowe mlango ukafunguka kiasi cha jicho moja.

"Mwambie aliyekutuma," akasema Mwamini, "nimesikia. Aje mwenyewe, aseme kwa mdomo, karibu hivi nimwone."

Nikageuka kumpungia mkono. Sikuwahi. Alikwisha kunipita mbio, kanzu ya watu ameikusanya mkononi.